Mlango wa Chumba Nambari Nne

Wote, Jumapili jioni, Februari 1993

Leo jua limewaka tangu asubuhi na upepo haujatulia hata kidogo. Vumbi limeingia mpaka kwenye sufuria zenye vifuniko. Siku nyingine ningekuwa nanung'unika na ufagio mkononi, lakini leo sina uso wa kulalamikia kitu chochote.

Nimeona haya. Naandika hivyo kwanza, nisije nikaanza kujitetea kabla ya kufika katikati ya ukurasa, maana najijua.

Tangu Wote ifanywe makao makuu ya wilaya, wafanyakazi wa serikali wanazidi kuletwa hapa na nyumba hazitoshi. Sisi wenye ploti za vyumba vya kupangisha tumevimba vichwa. Bwana mmoja wa ofisi mpya alikuja kuniona, viatu vinang'aa hata kwenye vumbi hili letu, akataka chumba nambari tatu na nambari nne, vyote viwili, akae na familia yake. Nambari tatu iko wazi. Nambari nne anakaa Mama Mwende, fundi wa cherehani, pamoja na binti yake mdogo. Hajawahi kuchelewesha kodi, na chumba anakitunza kuliko ninavyoitunza nyumba yangu ya mbele.

Njia ya halali nilikuwa naijua. Ningempa notisi ya maandishi, nimpe muda wa kutafuta kwingine, na akikataa, twende kortini hakimu aamue. Lakini hayo yote yanataka subira, na bwana wa viatu alikuwa na haraka. Tena ningelazimika kumwambia Mama Mwende ana kwa ana, na mimi na yeye tunaimba kwaya moja.

Kwa hiyo nikatumia njia ambayo kila mwenye ploti hapa anaijua. Humfukuzi mtu. Unang'oa mlango, unasema unapelekwa ripea, ukatengenezwe, halafu ripea haiishi. Mtu anavumilia siku chache na shuka mlangoni, kisha anahama mwenyewe, na wewe hakuna atakayekunyooshea kidole.

Jumanne nilimwita fundi Muli akaung'oa. Mama Mwende akauliza utarudi lini. Nikamwambia wiki hii hii, ni hinji tu zimeshika kutu. Kisha nikaenda shuleni, nikaingia darasa la saba, kipindi cha uraia. Nilisimama mbele ya ubao nikawaambia watoto wa watu kwamba hakuna anayeruhusiwa kujichukulia sheria mkononi.

Walinakili.

Mlango haukwenda kwa fundi yeyote. Niliulaza juu ya mawe kwenye veranda yangu, nikaanika ndengu juu yake. Ndengu zimefanya vizuri msimu huu na magunia ya kuanikia hayakutosha. Hata sasa nashindwa kuelewa nilivyoweza kupita hapo asubuhi na jioni nikizigeuza kwa mkono, roho imetulia kabisa.

Leo Mama Mwende hakuonekana kanisani. Huwa hakosi. Na kwetu mtu akikosa ibada bila habari, kina mama humfuata nyumbani siku hiyo hiyo na sukari na unga, wamwombee. Wote wakasema lazima ni mgonjwa. Mimi peke yangu nilijua si mgonjwa. Amebaki kulinda cherehani yake, kwa sababu utaiachaje kwenye chumba kisicho na mlango wakati mji mzima uko kanisani? Hiyo cherehani ndiyo inayowalisha.

Nilijua hayo yote, na bado nikanunua sukari nikaandamana nao.

Kuingia kwenye ploti lazima upite mbele ya veranda yangu. Mama Ruthi, mwenyekiti wa kina mama, akasimama kuzisifu ndengu. Akachota kidogo kwa kiganja aone kama zimekauka. Pale alipochota pakaonekana rangi ya kijani ya mlango, na juu yake nambari nne nyeupe, niliyoiandika mwenyewe kwa brashi.

"Zimekauka, mwalimu," akasema. Akazirudisha polepole, akazitandaza mpaka nambari ikafunikwa, akaendelea na safari bila kunitazama.

Mama Mwende alikuwa ametundika shuka mlangoni, ncha zake ameziwekea mawe chini kwa sababu ya upepo. Aliinua upande mmoja akicheka. "Karibuni, ingieni tu! Leo hata hodi hakuna pa kubisha." Wakamuuliza mlango umeenda wapi.

"Uko ripea," akasema. "Mwalimu aliona hinji zimeisha, akaamua kututengenezea. Si wenye ploti wote hufanya hivyo."

Wakaomba. Walimwomba Mungu amponye kama kuna ugonjwa, kisha wakamwomba anibariki mimi, mwenye nyumba mwenye huruma. Nikaitikia amina.

Walipoondoka nilizimwaga ndengu sakafuni, nikauburuta ule mlango mwenyewe kuvuka ua, wapangaji wengine wakinitazama. Muli hafanyi kazi Jumapili. Niliushikilia kwa mabega na Mama Mwende akakaza skrubu kwa bisibisi ya cherehani. Tulikuwa karibu sana, nikisikia anavyopumua. Nilidhani amenisamehe, nikaanza kumshukuru kwa kunifichia aibu mbele ya kina mama.

Hakusimamisha kazi. "Hizo ndengu niliziona tangu Jumatano, mwalimu."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema, ningelala wapi na mtoto?"

Kumbe hakuwa amenisamehe. Alikuwa ananiogopa. Wiki nzima mwanamke ninayeimba naye amenisifu kwa watu ili nisimtupe nje, nami nikachukua sifa hizo nikaziitikia amina.

Alijaribu mlango mara mbili, akasema asante, kwa heshima ile ile ya siku zote, akaingia, akafunga. Nikasikia komeo. Nilibaki nje na vumbi la ndengu kwenye nywele, na nikakumbuka kwamba nina ufunguo wa akiba wa chumba hicho. Nina funguo za vyumba vyote. Huwa naingia nikitaka, nasema nakagua.

Kesho, kabla ya shule, nitapita ofisini kumwambia bwana wa viatu kwamba nambari nne ina mwenyewe. Kisha nitampelekea Mama Mwende ufunguo wake. Nitabisha hodi na kungoja nje mpaka aniitikie.

Lakini akisema karibu, nitajuaje kama ananikaribisha?