Walinililia Kariandusi

Jumatano, 1 Agosti 1956

Mazoezi ya kuigiza tena ukumbini baada ya kazi ya stesheni. Sauti imenikauka. Wenzangu hawajui maneno yao, wanacheka ovyo, na mchezo ni mwisho wa mwezi. Nimewakemea. Najua nikigeuka wananiita Bwana Sinema. Waniite tu. Hapa Nakuru ni nani mwingine aliyewahi kutokea kwenye sinema?

Picha yenyewe imeshatoka. Mimi ndiye dereva mlevi. Lori linabingirika kule Mai Mahiu, nakufa, nazikwa. Nililala ndani ya sanduku kweli, wakanimwagia udongo kifuani, mpiga picha akaniambia nisipumue. Tangu siku hiyo silali vizuri.

Jumatatu, 13 Agosti

Ndugu yangu Barasa amekuja mbio kutoka Kariandusi, anakochimba ule udongo mweupe. Mama anakaa naye huko. Juzi Jumamosi gari la sinema lilifika kambini kwao, likatundika shuka, likaonyesha picha yangu. Mama hajawahi kuona sinema maishani. Aliniona nikifa. Aliona nikifukiwa.

Alipiga nduru mpaka wakazima mashine. Barasa alikuwa zamu. Kurudi, akakuta mama amenyoa kichwa, wanawake wameketi chini naye, wanalia jina langu. Amewaambia ni mchezo tu, hawasikii. Ati niende nijionyeshe.

Nilicheka. Barasa hakucheka.

Alhamisi, 16 Agosti

Nimeenda. Wanawake kuniona tu, wakatawanyika kama kuku. Mama akafunga mlango. Nikaita, Mama, ni mimi, Wekesa. Akajibu akiwa ndani: "Wekesa nimeshamlilia. Rudi ulikotoka, usinisumbue."

Haki ya Mungu, niliogopa. Nilisimama pale juani, nikajishika mkono kuona kama una joto.

Mzee Simiyu, mkubwa wa watu wa kwetu pale kambini, alinivuta kando. Mtu aliyeliliwa akiwa hai haingii kwa mamake hivi hivi, alisema. Kilio kinataka mwili. Tuzike mgomba badala yangu, ndipo mlango ufunguliwe. Nimekubali. Ningekubali lolote.

Jumatatu, 20 Agosti

Habari imefika mjini. Mama wa chai pale sokoni ameniwekea kikombe mezani, hakutaka kunipa mkononi. Nimemtukana, kisha nikaona haya.

Ukumbini pazia likifungwa nashindwa kupumua. Na watu wa sinema wametuma neno, wananitaka tena, nife tena, mara hii mtoni. Lo! Sijawajibu. Mimi namtaka mama yangu tu.

Jumamosi, 25 Agosti

Tumezika.

Mgomba niliutoa Solai, nikaupakia kwenye lori. Mzee Simiyu akauvisha shati langu. Mimi nilisimama nyuma ya watu, kama alivyoniagiza, nikatazama. Kwenye sinema, yule mwanamke aliyekodiwa kuwa mama yangu alilia hadi wote wakamsifu. Hakujua kitu. Mama alipiga magoti, akainyoosha kola ya lile shati, akafunga kifungo cha juu. Akaniita kwa jina la utotoni, ambalo hata mimi nilikuwa nimelisahau. Nikataka kuitika. Mzee akanikanyaga mguu.

Nalala kwa Mzee. Kesho mlango utakuwa wazi, amesema.

Jumapili, 26 Agosti

Ulikuwa wazi. Mama alinikaribisha, akanipa kiti, akanipa uji, akanitazama usoni bila woga wowote. Nilidhani yamekwisha. Akauliza, kwa adabu, nimetoka wapi. Nakuru, nikasema.

"Basi ulimjua mwanangu?"

Barasa akafungua mdomo. Nikamkata jicho, akaufunga.

Ndiyo, mama. Nilimjua. Tulikuwa tukifanya kazi pamoja.

Akavuta kigoda chake karibu. Alitaka kujua kama mwanawe alikuwa akila vizuri, kama alikuwa na marafiki, kama ni kweli alikuwa mlevi. Nikamwambia hapana, hakuwa mlevi hata kidogo, hapo walimsingizia. Akashusha pumzi. Nikamsimulia mpaka uji ukapoa. Mara moja tu alicheka.

Nimerudi na lori la jioni. Nitaenda tena Jumapili. Ameniomba.