Jiwe la Mstari wa Kwanza

Jumatatu, 22 Mei 2023
Krasimira kaninasa leo dukani. Mwenyekiti wa kijiji, lakini anavyokushika mkono utadhani polisi! Anataka kibao langoni pa makaburi: historia yote, tangu kaburi la kwanza. Mwandishi nani? Mimi. Eti nimesambaza barua miaka thelathini na nne, namjua kila mtu.
"Walio hai, mwanangu," nikamwambia. "Wafu hawakuwa wakipata barua."
Kacheka, kanikabidhi ufunguo wa kabati la kanisa. Niisome historia hiyo siku ya kuwakumbuka wafu, tarehe tatu mwezi ujao.
Kazi rahisi hata hivyo. Nani hajui kwamba wa kwanza kuzikwa ni Radul, mwanzilishi wa ukoo wetu? Jiwe lake liko mstari wa mbele. Ndiyo maana siku hiyo sisi Radulovi ndio tunaotangulia kumega mkate wa wafu, na ukoo wa jirani, akina Botusharov, wanangoja, wamenuna.

Jumatano, 24 Mei
Sikukuu ya herufi, siku ya kuadhimisha alfabeti yetu. Watoto wanaimba shuleni. Mimi nimepiga magoti makaburini na ndoo. Maji matupu, brashi laini, halafu unalimulika jiwe toka ubavuni kwa kioo cha mkobani — herufi zinajitokeza zenyewe! Nimemkuta Grozdana, 1868: "Alikula vizuri, akafa ameshiba." Tungeelewana sana. Nimewakuta pia watoto saba waliokufa mwaka uleule. Hapo nilikaa kidogo.
Metodi Botusharov kapita na toroli la nyasi. Jirani yangu, mgane, miaka sabini na tisa, ulimi wembe. Kauliza kama naandika historia au sifa za ukoo wangu. Nikamjibu: yote mawili, karatasi ni ileile. Kaondoka akicheka peke yake, mbaya yule.

Jumapili, 28 Mei
Heri nisingelifungua kabati!
Daftari la padri wa zamani, wino wa zambarau. Vuli, 1926: "Leo Stamen Radulov na wanawe wamelihamisha jiwe la babu yao Radul kutoka mstari wa nne hadi wa kwanza, kwa kukokotwa na maksai. Nikawakemea. Wakaleta vigae vya paa la kanisa. Nikanyamaza."
Babu Stamen! Aliyenichapa kwa uongo wa yai moja!
Ukiliondoa jiwe letu, wa kwanza ni nani? Botushar, fundi viatu, babu wa akina Metodi. Mama wa Mungu. Metodi atatucheka mpaka tufe, kisha aje kutuchekea juu ya kaburi.

Jumanne, 30 Mei
Nimemwambia kaka Spiridon. Yeye ndiye mkubwa wa ukoo, yeye ndiye anayemega mkate.
"Chana huo ukurasa."
"Kaka, ni daftari la kanisa."
"Basi mwagia kahawa."
"Kaka!"
"Wewe dada yangu au dada yake Metodi?"
Kaondoka bila kumaliza supu. Spiridon, kuacha supu! Lakini kibao kikishatundikwa langoni kitatuzidi umri sote. Siwezi kutundika uongo pale.

Jumamosi, 3 Juni
Naandika nimekaa ukutani, hapa hapa makaburini. Lazima niandike sasa, nisije nikaambiwa nimeota.
Kijiji kizima kilikuja. Ngano ya kuchemsha, cheri za kwanza, mvinyo juu ya kila kaburi. Nikasoma. Hata ya 1926 nikaisoma, neno kwa neno. Kisha Metodi akacheka mpaka akashika msalaba wa kaburi la watu asianguke. "Miaka tisini na saba mnamega mkate wetu!"
Spiridon akasimama, mwekundu kama cheri. Nikasema moyoni, sasa ananitukana mbele ya mama yetu aliyelala pale chini. Hakunitukana. "Lirudisheni mstari wa nne," alisema. "Sasa hivi. Radulovi si wezi." Akavua koti, akashika mtaimbo mwenyewe. Kaka yangu huyo!
Wakaling'oa, wakaligeuza. Na mgongoni, kumbe — maandishi mengine. Ya Kiarabu, yale waliyoandikia Waturuki zamani, na juu yake kilemba kilichochongwa, kama kwenye makaburi ya Waislamu. Radul wetu kalazwa chini ya jiwe la mtu!
"Hata jiwe la wizi!" Metodi alipiga kelele kwa furaha.
"Na la kwenu je?" akauliza Spiridon.
Wakaling'oa la Botushar. Kilemba pia. Kikubwa zaidi.
Krasimira akaanza kucheka, nikafuata mimi, kijiji kizima tukajishika mbavu — isipokuwa wazee wawili. Mkate umefunikwa kwa kitambaa, hakuna anayejua amege nani. Krasimira kampigia simu Ismet, imamu wa kijiji cha bondeni. Yeye anasoma herufi hizo, na mawe yakiwa ya watu wake, basi wao ndio wa kwanza, wao wamege. Anakuja, na wakwe zake, na keki.
Metodi na Spiridon wamekaa bega kwa bega, bakuli moja la cheri kati yao. Nawasikia.
"Ile barabara ya bondeni bado ina mashimo?"
"Makubwa. Gari linaweza kukatika springi."
"Mungu akipenda," kasema Metodi.
Miaka arobaini sijawaona wakiombea kitu kimoja!
Injini. Kona ya kwanza Ismet kapita. Ya pili. Wazee wamesimama, wote wawili, wanafunga vifungo vya makoti, kama watu wanaompokea mgeni —