Rara, Mwanangu

Jumatatu, 3 Februari

Leo mwanangu kaanza kufundisha. Shati nimelipiga pasi mara mbili, ya pili kwa wasiwasi tu. Kapangiwa darasa la kwanza, watoto wa kufungwa kamba za viatu. Chuo cha ualimu kinatafuta vijana wa kiume wa huku kwetu machimboni, ambako mwalimu ni wa kutafutwa kwa tochi, na kila kijana kapewa mzoefu wa kumshika mkono. Wa kwake ni mzee mstaafu, wanamwita Mwalimu Chaki. Naye kazaliwa kwenye kokoto kama sisi.

Mwisho wa mwezi wakaguzi wanakuja kumtazama akifundisha. Akipita, ni mwalimu. Asipopita — nyundo ya marehemu baba yake bado iko nyuma ya mlango. Sijui kwa nini sijaitoa.

Jumatano, 5 Februari

Shoga yangu muuza mkaa kanitania: kijana ana mabega yale, halafu anakwenda kufuta watoto kamasi? Mawe yamekwisha? Nikamwambia kamasi nazo zinataka mabega. Tukacheka wote. Kicheko changu kimeishia mlangoni.

Ijumaa, 7 Februari

Mambo yameharibika kidogo. Mwanangu kanyanyua kalamu darasani, kawaambia watoto hii ni karamu. Nao wakaitikia kwa nguvu: karamu! Leo mzazi mmoja kaja shuleni kuuliza sherehe ni lini. Walimu wenzake wamecheka mpaka chai ikawapalia.

Ndio mdomo wetu. Machimboni hatuna L. Marehemu alikuwa akisema L inazama kwenye kishindo cha nyundo, R ndiyo inafika. Yeye ndiye alikuwa akipiga ukelele kabla ya baruti kulipuka: Rara! Watu wote chini, kifudifudi, mikono kichwani. Siku ile ya mwisho wake aliwalaza wote, akabaki amesimama anamtafuta mmoja aliyechelewa.

Na neno hilohilo ndilo nililombembelezea mwanangu mgongoni. Rara, mwanangu, rara.

Kuandika naandika sawa. Mwanangu kanifundisha, maana mimi shule niliacha darasa la tatu. Alipoingia chuo alikuwa akijifunzia ualimu kwangu, mwanafunzi wake wa kwanza ni mimi. Mkononi L inakaa. Mdomoni haitaki.

Jumanne, 11 Februari

Mwalimu Chaki kaja jioni. Kamkalisha mwanangu mbele ya kioo cha kunyolea. Ncha ya ulimi nyuma ya meno, iache itulie hapo, usiitetemeshe. Kalamu. Limau. Lala. Tena. Mzee hachoki, wala hamcheki. Kamwambia na yeye aliitwa "Mwarimu" mwaka mzima.

Mimi nilikuwa uani nafua mashuka ya nyumba ya wageni. Nikawa nafuatisha kimoyomoyo. Nimefurahi leo.

Ijumaa, 14 Februari

Mwanangu haongei na mimi. Namuuliza umekula, anatikisa kichwa. Namuuliza darasa vipi, ananyanyua dole gumba. Sahani anaingia nayo chumbani.

Nimekosea wapi?

Jumapili, 16 Februari

Nimemvizia Mwalimu Chaki njiani nikamuuliza. Kasita, kavua miwani, kaifuta kwa shati. Kasema kijana anaogopa. Akizungumza na mimi jioni, ulimi unarudi machimboni, na asubuhi anaanza upya. Yeye Mwalimu kamkataza kuninyamazia, kamwambia mtu anaweza kuwa na ulimi wa darasani na ulimi wa nyumbani. Haambiliki.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo nikinyamaza mimi, atapita?"

Kavaa miwani yake taratibu. "Mama, mimi nilifanya hivyohivyo. Nikapita. Mama yangu akafariki hatujazungumza."

Nimerudi nyumbani nimeamua. Nitanyamaza. Ni mpaka mwisho wa mwezi tu. Mtoto wangu apite kwanza.

Alhamisi, 20 Februari

Kimya. Tunapishana humu ndani kama wapangaji. Nagonga kijiko kwenye kikombe, ajue chai tayari. Kumbe kuna mambo mengi ya kumwambia mtu! Kwamba kola imekunjika. Kwamba kakonda.

Kwenye kamba ya nguo, mashuka yakinificha, najaribu. Ncha nyuma ya meno. Inatoka rara. Tena rara. Muuza mkaa kanikuta, kaniuliza namwimbia nani. Nikasema mashuka.

Ijumaa, 28 Februari

Mwalimu Chaki kaja peke yake. Nimempa kiti, kakaa kwenye ndoo.

Kasema somo lilianza vizuri mno. Kalamu ilitoka safi, limau likatoka safi, wakaguzi wakawa wanatikisa vichwa kwa kukubali. Mara machimboni wakalipua, si saa yake, wala filimbi ya onyo haikupigwa. Madirisha yakatetemeka. Mwanangu akapiga ukelele: Rara! Akajitupa sakafuni na lile shati jeupe, mikono kichwani. Watoto wa machimboni wakaanguka kifudifudi pamoja naye, hata mmoja hakuchelewa. Wale wa mjini wakabaki kwenye madawati yao, wakacheka. Mkaguzi mmoja naye akatabasamu, akainamia karatasi yake.

Majibu ni Jumatatu.

Mwanangu kaingia baadaye, vumbi kifuani. Hakunitazama. Kasimama nyuma ya mlango, palipo na nyundo. Kasimama sana.

Jumatatu, 3 Machi

Hajaamka kwenda shule. Shati nimelifua, limenyooka, linaning'inia. Nimeingia na chai bila kugonga kijiko. Kalala anatazama ukuta, na mabega yale yote yanatikisika. Kisha kasema, kwa sauti yake ya zamani:

"Nirirara, mama. Na watoto wakarara."

Nikaweka kikombe chini. Nikamshika mgongo kama alipokuwa mdogo. Nikataka kumpa lile neno lake, la mgongoni, la baba yake.

"Lala, mwanangu," nikasema. "Lala."

Ikatoka safi. Siku zote zile kwenye mashuka imenigomea, leo imetoka kama ya kioo cha kunyolea. Kageuka akanitazama, kama anamtafuta aliyesema. Halafu karudi ukutani.

Nimejaribu tena kimoyomoyo. Lala. Lala. Ile nyingine, ya R, siioni.

Sasa kuna mtu nje anapiga hodi. Ni Mwalimu Chaki, namjua kwa kikohozi, bila shaka na majibu. Nimegonga komeo kidogo ajue nimesikia, nimerudi kukaa kwenye ndoo, naandika. Kapiga hodi ya pili, taratibu, kama mtu asiye na haraka ya kuingia. Mwanangu kanyanyua kichwa. Anangoja nimwambie mzee karibu. Naogopa nikifungua mdomo itatoka kalibu.