Papa Gratien na Azalea ya Bakuli la Isombe

Mwaka umezunguka, Papa Gratien Kubwimana, tangu Agosti ile ulipotuacha hapa Rebero, na bado tuna maswali ya kukuuliza. La kwanza: mtu mzima, mtumishi wa ofisi Kacyiru, tai shingoni, ulimwambia nini mlinzi wa ubalozi hadi akakukatia tawi la azalea kwenye bustani ya wenyewe? Kila tulipokuuliza ulicheka tu. Mlinzi naye hatumjui, tungemuuliza yeye.

Tawi ulilipanda, ukalilea, na shina liliponenepa kama kidole gumba ukalihamishia kwenye bakuli la Mama la isombe, kisamvu chetu, lile alilopewa siku ya harusi yenu. Ulilitoboa chini ili maji yasituame. Mama alipiga kelele mpaka watu wa mtaa wa Niboye wakasikia. Ukamjibu, "Gaudiose, isombe inaliwa inaisha. Mti huu hauishi." Siku ile tulikula chakula bila chumvi.

Majirani waliuita kichaka kilichogoma kukua. Wewe ulisema ni bonsai, mti mzima unaofundishwa kuishi mdogo. Uliyafunga matawi kwa waya wa redio iliyokufa, ukayapinda polepole, ukiyaongelesha Kirundi cha Bujumbura ulikokulia. Maji ya bomba uliyakataa, eti yana chokaa na azalea haiyapendi. Mvua ikianza, sisi tunaanua nguo, wewe unakimbilia nje na masufuria. Ilipochanua, ua jeupe na ua la waridi kwenye tawi moja, uliwaita wapita njia waje waone. Wapo waliokuja kuona maua wakabaki mpaka chakula cha jioni, na hukumfukuza mtu.

Sasa tukueleze jambo, usikasirike.

Siku ya gukura ikiriyo, tulipomaliza matanga, tulitaka nyumba ipokee wageni ikiwa safi. Mucyo, kijana wako, akapunguza miti ya fensi. Akaiona azalea nayo ina nywele ndefu, akainyoa, ikawa mviringo kama kichwa cha mwanafunzi siku ya kufungua shule. Wageni waliisifu. Mucyo alisimama pembeni yake kifua mbele.

Mvua za Septemba zikaja, Oktoba ikapita. Majani tele, ua hata moja hakuna. Mama hakumgombeza. Alikuwa akipita pale bila kuangalia, na hilo lilimuuma Mucyo kuliko makofi. Akaacha kuja Jumapili. Joselyne akimpigia simu, anajibu, "Dada, nije kufanya nini? Papa alituachia kitu kimoja kinachopumua, nami nimekiua."

Ndipo akaja Évode, rafiki yako uliyekuwa ukibadilishana naye miche na matusi. Aliinama juu ya bakuli, akayageuza majani moja moja.

"Nani kinyozi?"

"Mucyo," Mama akasema.

"Alinyoa lini?"

"Siku ya gukura ikiriyo."

"Yewe wee! Basi alikata maua yenyewe. Yalikuwa yameshajificha kwenye ncha. Azalea unaikata maua yakinyauka tu. Ukichelewa, unakata ya msimu unaokuja."

"Itakufa?"

"Ife kwa nini, Mama Joselyne? Imepumzika. Kuna mwaka Gratien mwenyewe aliyang'oa matumba yote kwa vidole, ili mti upate nguvu."

Mama akashika kiuno. "Mwaka gani huo? Ule alioniambia mti umenuna kwa sababu niliuita kichaka?"

"Huo huo."

"Évode! Mimi ule mti niliuomba msamaha! Nilipiga magoti!"

Évode alicheka mpaka akatafuta kiti. Mama naye akacheka, jambo ambalo hatukuwa tumeliona tangu tukuzike. Kisha akachukua simu. "Mucyo, njoo nyumbani, mwana wa tapeli. Hujaua kitu."

Papa, hilo nalo ni swali. Mama alipopiga magoti, wewe ulikuwa wapi? Nyuma ya pazia?

Mucyo amerudi. Leo matumba yamejaa kwenye kila ncha, yamefumba kabisa, na hakuna anayejua lipi litakuwa jeupe na lipi la waridi. Joselyne anayachungulia kila asubuhi. Évode anajifanya anajua, lakini akiulizwa anakohoa. Yakishachanua na kunyauka, mkasi ataushika Mucyo. Mama ndiye aliyeamua, tena mbele yetu wote. Mucyo anaogopa kuliko siku aliyooa, na hajakataa.

Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili parokiani. Baadaye wote karibuni Rebero.

Wanaokukumbuka ni mkeo Gaudiose, watoto wako Joselyne na Mucyo, mkwe wako Liliane, mjukuu wako Ihirwe, na Évode, anayesema bado una mche wake.

Mungu akulaze pema. Hatutakusahau kamwe, Papa.