Kisu cha Kwenye Begi

Shoga, nimekwisha!

Ule utafiti wetu wa macho, ule wa watu kutafuta kisu kwenye picha za mabegi? Nilisahau kuweka kisu. Picha zote. Hakuna kisu hata kimoja!

Na watu thelathini na mmoja kati ya arobaini wamesema wamekiona. Wamekiona wapi, jamani? Mmoja kasema eti kina kutu!

Na profesa wetu keshawatangazia wakubwa wa chuo kwamba mbinu yake ya kuwafundisha watu hao inanoa macho.

Nikajikaza, nikamwendea. "Mzee, nisamehe, hizi picha hazina kisu."

Akavaa miwani, akaikodolea macho picha dakika nzima.

Akanitazama kwa huruma. Kwa huruma, shoga! "Binti yangu, na hiki hapa ni nini?"

Nikainama kutazama.

Shoga, mbona nami nimeanza kukiona?