Maji ya Mama

Jumanne, Runzewe

Taifodi tena. Leo wagonjwa wote kwenye benchi la maabara wameambiwa taifodi, hata mama aliyekuja na maumivu ya mgongo. Kwa Baba hii ni mara ya tatu, na homa hairudi nyuma.

Nilijikaza nikamuuliza mpimaji kama anaweza kupima na ile homa ya maziwa mabichi, maana nimesoma kwamba inafanana sana na taifodi.

"Shikamoo, daktari!" akaniambia. Benchi zima likacheka. Baba pia.

Nyumbani Shangazi hakungoja hata tukae. "Mama Kulwa, kaka yangu unamnywesha maji gani?"

Maji hayo nayachemsha mimi kila asubuhi, na Mama husimama pale mpaka yatokote. Shangazi anajua. Amelala hapa mara ngapi?

Kisha Shangazi akamletea Baba maziwa, yametoka kukamuliwa. Nikasema tuyachemshe kwanza.

"Yakichemka yanabaki maji tu," akasema Baba, akayamaliza yote.

Mama yuko jikoni sasa. Anachemsha upya maji niliyoyachemsha asubuhi.