Mzee Aliyetuuliza Njia

Jane na Finch,
Toronto, Kanada.
17 Agosti 2025

Mpendwa dada yangu Karwitha,

Pokea salamu zangu nyingi, na natumaini zitakukuta umeketi, mguu ukiwa juu ya kigoda kama daktari alivyokuagiza, ingawa nakujua. Goti linaendeleaje? Na shemeji Mutwiri, dawa ya presha anaimeza au bado anaificha mfukoni? Mimi ni mzima. Lori linaniumiza mgongo kidogo, lakini hayo ni ya umri.

Usishangae kuona barua ya mkono zama hizi. Rafiki yangu Nyakundi, ninayesali naye, anasafiri kuja Kenya, nami nimemwomba akuletee yeye mwenyewe mpaka Nkubu. Simu yako, dada, husikilizwa na nyumba nzima, na haya ninayotaka kukueleza si ya nyumba nzima. Ukikuta makosa ya Kiswahili, mwalimu, weka kalamu nyekundu kando kwanza.

Umeniuliza tena na tena Kinoti ana nini. Mbona mwanao hapokei simu, mbona anakuandikia tu kwamba yuko sawa, kisha kimya. Ulidhani ni msichana. Laiti angekuwa msichana! Ningemkaribisha hapa nikampikia kwa mikono yangu.

Unajua anasomea hali ya hewa. Ambalo hukuelezwa vizuri ni kwamba kiangazi kikifika, wanafunzi wa fani hiyo huenda kwenye nyanda za magharibi ya nchi hii kuzifuata dhoruba kwa gari ili wazipime kwa karibu. Unakijua kile kisulisuli kinachopita uwanjani kwenu shuleni na kubeba vumbi na karatasi? Cha huku huteremka kutoka kwenye wingu lenyewe, nacho hubeba mapaa, ng'ombe na magari. Ndiyo, watu wenye akili zao hukifuata. Nilimwambia Kinoti kwamba ameingiwa na wazimu, lakini mwenzake wa kuendesha gari alipougua mwezi wa saba, nilichukua likizo nikaenda naye. Nilijiambia afadhali usukani uwe mikononi mwa mtu anayemjua mama yake.

Basi tukaenda Saskatchewan. Huko hakuna kilima hata kimoja, ni mashamba ya kanola tu, zao la mafuta ya kupikia, yenye maua ya manjano hadi macho yanachoka. Sehemu kubwa ya kazi yenyewe, nakuambia, ni kukaa kando ya barabara ukila viazi vya kukaanga na kutazama mbingu isiyo na kitu. Kinoti alikuwa na furaha siku hiyo. Alinifundisha kusoma rada kwenye kompyuta yake, akanicheka nilipouliza kama rangi nyekundu ni moto. Akanieleza pia sheria yao kubwa: usimwambie raia aende wapi. Mwambie aingie ndani ajifiche, basi, kwa sababu dhoruba hubadili njia, na mtu akishafuata neno lako huna namna ya kumrudisha.

Alasiri wingu likaanza kupanda. Lilipanda haraka kiasi kwamba niliacha kula. Tukaingia kituo cha mafuta kwenye kijiji kimoja kujaza tangi kabla ya kulifuata, na hapo ndipo mzee alipotujia.

Baadaye tulijua kwamba aliitwa Yvan. Alikuwa na pikapu kuukuu, mkewe amekaa ndani na mkoba mapajani. Aliona vyombo vya kupimia juu ya gari letu akajua sisi ni watu wa kujua mambo. Akamwuliza Kinoti kama waende nyumbani au wangoje pale. Kinoti akamjibu sawasawa na sheria yao: wangoje, waingie ndani ya jengo. Mzee akasema ana farasi amewafungia zizini, na nyumba yake iko kusini, si mbali. Akauliza tena kama kuna muda. Mzee akabaki amesimama palepale, kofia mkononi, akimtazama usoni.

Dada, wewe na mimi tumelelewa nyumba moja, na Kinoti umemlea vivyo hivyo. Mtu mwenye mvi akikuuliza jambo unalolijua, humwachi amesimama. Nilimwona mtoto anavyotaabika. Akaitazama rada, akasema, "Inaelekea kaskazini mashariki, mzee. Njia yako iko wazi. Ukienda sasa hivi utafika." Na alivyosema ndivyo rada ilivyoonyesha. Mimi mwenyewe niliiona. Mzee alimshukuru, akavaa kofia, wakaondoka.

Tulikuwa tumeanza tu kulifuata wingu Kinoti alipoinama juu ya kompyuta akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Anko, imegeuka. Anko, imeturn kulia, inaenda kwao!"

Niligeuza gari bila kuuliza. Tukaingia barabara ya changarawe waliyopita, nikipiga honi kama mwendawazimu, kana kwamba honi ingesikika mahali pale. Mvua ya mawe ilikuja, mawe makubwa kuliko mayai, kioo cha mbele kikapasuka kote. Kinoti alikuwa akiwapigia watu wa dharura huku akiniambia nisimame, kisha nisisimame. Mwishowe nilisimama mwenyewe, kwa sababu mbele yetu hapakuwa na barabara tena. Palikuwa na weusi unaozunguka na ngurumo isiyopumua. Nimeendesha lori kwenye barafu miaka yote hii, dada, sijawahi kuogopa hivyo. Nilimshika mwanao shingoni nikamwinamisha chini, na nikawa nasema jina la Yesu tu, maana sala nyingine zote zilinipotea.

Ilipopita, jua lilitoka. Hilo lilinichukiza kuliko yote. Jua zuri kabisa, na kanola imelazwa chini kama nywele zilizochanwa.

Pikapu ilikuwa katikati ya shamba, magurudumu juu. Mzee Yvan alikuwa ndani na alikuwa amekufa. Mimi ndiye niliyemfunika, kwa koti langu. Mkewe tulimkuta mtaroni, hai, nyonga imevunjika, uso umejaa matope. Kinoti alivua shati akamkinga jua, akamshika mkono, akazungumza naye mpaka ambulensi ilipofika, na ilichelewa. Mama yule alikuwa akimuuliza mume wake yuko wapi. Kinoti akamwambia kwamba mimi, mjomba wake, niko na mzee.

Mama hakumtambua kuwa ndiye kijana wa kituo cha mafuta. Kinoti naye alikuwa matope matupu, na mama wa watu alikuwa na maumivu. Walipokuwa wakimpakia, alikataa kuuachia mkono wa Kinoti. Akamshukuru kwa kusimama. Akamwambia kwamba mama yake amemlea vizuri.

Tulirudi Toronto, na tangu hapo hali yake ni hii.

Kompyuta ameifungia kabatini. Chakula anakigeuzageuza kwenye sahani. Anakaa kwenye kochi anatazama televisheni iliyozimwa, nami nikirudi kazini namkuta palepale. Mchungaji amekuja. Wamaitha, kiongozi wa kina mama wa kanisa letu, amekuja na bakuli la mukimo, akamwambia ni mpango wa Mungu, na Kinoti akainuka mezani akaingia chumbani bila kuaga. Wewe mwanao umemwona lini akimkosea mgeni adabu? Mimi pia nimemwambia hana kosa, nimemwambia mpaka nimechoka. Juzi akanigeukia, macho makavu, akaniuliza, "Kama sina kosa, anko, basi ni nani alimwambia aende?" Nilikaa na kikombe changu cha chai mkononi.

Salamu nitaziweka hapa hapa, maana nikiisha kuomba ninaloomba sidhani kama nitaweza kuandika jingine. Msalimu shemeji Mutwiri. Msalimu Kagwiria na watoto wake, na mwambie mdogo wao picha aliyonichorea nimeibandika jikoni. Msalimu pia mjomba Mbaabu, na akiuliza lini narudi, mwambie hata mimi najiuliza.

Sasa, dada. Chukua simu uende nayo shambani, mbali na masikio ya watu. Mpigie Kinoti. Asipopokea, mpigie tena, na nikiwepo nitamwekea sikioni kwa nguvu. Mwambie akusimulie yote tangu mwanzo, wala usimkatize. Akimaliza, nakuomba kwa heshima zote, usimwambie hana kosa. Hilo tumeshalisema sote, na kila tukilisema anazidi kutukimbia, kwa sababu anajua tunamdanganya. Mwambie alikosea. Kisha mwambie umesikia kila neno, na yeye bado ni mwanao.

Mimi siwezi kumwambia. Likitoka kinywani mwangu litakuwa hukumu. Likitoka kwako nadhani atalia, na hajalia tangu siku ile.

Mungu akutie nguvu ya kulitamka, akulinde wewe na wote walio chini ya paa lako.

Ni mimi mdogo wako, akupendaye sana,

Kirimi